Risala ya Kamati ya Maktaba ya Kijiji kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Chifu wetu, wazee wa mtaa, walimu wakuu, wazazi na wanafunzi, itifaki ikizingatiwa, karibuni sana. Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja, na kwa kuja wewe mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi.

Historia yetu ni fupi. Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Huduma ya Maktaba za Taifa mwaka 1965, na maktaba zikafunguliwa mijini, zikiwemo za Kisumu na Kakamega. Sisi wa vijijini tulizisikia kwa mbali, hadi wazazi walipofanya harambee, wakafyatua matofali, chumba hiki kikasimama. Leo ni ngome ya elimu katika lokesheni nzima, na klabu yetu ya wasomaji haina mpinzani katika mijadala.

Mheshimiwa, maktaba hii haina mkutubi. Tulikuwa na binti wa hapa hapa, mwenye diploma ya ukutubi, tukimlipa kwa michango ya wazazi. Michango ilipokauka alikwenda kutafuta riziki kwingine, na hatumlaumu. Sasa mwalimu mstaafu hutufungulia Jumamosi tu, kwa kujitolea. Siku nyingine watoto wa Gredi ya 9 hukaa barazani, na kitabu wanachokihitaji wanakiona dirishani, kwenye rafu ya pili.

Tumebisha hodi kote. Ofisi moja ilisema maktaba ni za serikali kuu, nyingine ikasema ni za kaunti. Lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazitaja maktaba waziwazi kati ya kazi za kaunti. Mgeni aliyeketi kiti hicho mwaka juzi alituahidi mkutubi, tukampigia makofi. Aliyemfuata aliahidi vilevile, akaondoka na jogoo wetu. Barua zetu za kukumbusha zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake zimo katika bahasha tutakayokukabidhi.

Kwa heshima zote, leo hatuombi jengo wala kompyuta. Tunaomba nafasi moja ya mkutubi mwenye mshahara iingizwe katika makadirio ya bajeti ya kaunti, ambayo kisheria hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Tena tunakusihi, utakaposimama kuzungumza, ututajie afisa tutakayemfuata na siku ya kumfuata.

Ni sisi watiifu,
Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Maktaba