Kaka, kadi zako ziko ukutani

Kaka yangu,

Assalaam aleikum. Simu zangu hupokei, na ujumbe naona umeusoma, kisha kimya. Basi nakuandikia hapa, watoto watakuonyesha.

Lile kopo la biskuti la mama unalijua, la uvunguni, lililokuwa la sindano na nyuzi. Nililifungua wiki ya tatu baada ya kumzika. Nyuzi hazimo. Mna kadi zako 19 za Idi kutoka Muscat, ya kwanza ya 1991, ya mwisho ya 2006, ulipoanza kutuma salamu kwa simu. Kila moja imo ndani ya bahasha yake, na stempu ya Sultan Qaboos haijabanduliwa. Ila mende walishaingia. Wanapenda gundi ya bahasha, wakimaliza bahasha wanahamia kwenye kadi. Pembe za nne zilikuwa zimeliwa. Ungekuwepo ungefanyaje? Ungefunika kopo ulirudishe uvunguni?

Ndipo nikaamua zitoke, zikae ukutani tuzione.

Nilianza vibaya, hilo nakiri mbele ya kila anayesoma. Kadi tatu za mwanzo nilizipaka gundi nyeupe ya mbao nikazibandika kwenye ubao. Asubuhi zilikuwa zimejikunja kama papadi, na gundi imejitokeza kwa mbele. Nilipoichukua ya nne ndipo nikaigeuza. Kaka, mama alikuwa anaandika nyuma. Kwa zile herufi zake za Kiarabu za chuo cha Kurani, kwa kalamu ya risasi: siku kadi ilipofika, nani aliitoa posta, na neno moja mawili. Za nyuma ya zile tatu sitazisoma tena. Nililia siku hiyo kuliko siku ya maziko.

Tangu hapo sikugusa gundi. Fundi fremu wa Ngamiani alinionyesha kona za karatasi, kama za albamu za zamani: kadi inachomekwa pembe nne, ukitaka unaichomoa. Selotepu alinikataza kabisa, inageuka manjano na kuacha doa lisilotoka. Akaweka ukingo wa kadibodi nene pembeni ili kioo kisigusane na kadi, maana kwa unyevu huu wa Tanga kadi hunata kwenye kioo. Na kabla ya yote nilizitoa kopi za rangi, mbele na nyuma, na zile tatu zilizoharibika mbele tu. Ukuta nilichagua usiopigwa na jua, nyekundu isije ikapauka. Nakueleza haya ujue kwamba sikukurupuka. Mtu mzembe hahangaiki hivyo.

Halafu ukaja arobaini.

Mama mkubwa amekaa pale, majirani wamejaa hadi barazani, khitma ndiyo kwanza imekwisha. Ukaishusha fremu ukutani kwa mikono miwili, ukaigeuza, ukaiweka sakafuni kioo chini. Ukasema, na hukunong'ona: "Ungemtunza mama kama unavyotunza makaratasi."

Mimi niliyemgeuza kitandani miezi minane. Niliyejua chai yake inywewe ya moto kiasi gani. Wewe ulikuwa unatuma pesa, na Mungu akulipe, pesa zako ndizo zilizonunua dawa na ndizo zilizonisomesha, sijawahi kulisahau hilo hata siku moja. Lakini saa nane usiku alikuwa ananiita mimi, na akishapitiwa na usingizi alikuwa anakutaja wewe. Kama ningekuwa na wivu, kaka, kopo lile ningelitia moto. Kadi yangu humo hamna hata moja. Nikaenda kuzitundika za kwako.

Mama mkubwa aliniambia ni uchungu uliokuwa unasema, si wewe. Nimejaribu kuliamini.

Unaikumbuka kadi ya Idi ya 1998, mwaka wa mvua za El Niño? Ile yenye msikiti wa dhahabu. Ilifika Idi imeshapita wiki nyingi, imelowa, wino wako umetapakaa. Mama aliilaza juu ya kanga, akaifunika kanga nyingine, akaipiga pasi ya mkaa taratibu kama anapiga nguo ya mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Hiyo sikuiweka kwenye fremu kubwa. Nimeitengenezea fremu yake ndogo, nimempa binti wa jirani anayesafiri kuja huko mwezi ujao. Usiitundike chini ya kiyoyozi, maji yanadondoka. Vibanio vya nyuma vinafunguka kwa kidole, na kadi imekaa kwenye kona tu.

Ichomoe uigeuze. Nyuma ameandika mistari minne, na jina lako limo. Sijamsomea mtu. Kama herufi umezisahau, nipigie, nitakusomea.

Mdogo wako.