BARUA YA MALALAMIKO: KIDANI CHANGU KUPIGWA TUPA KAUNTANI KWENU, TAWI LA DODOMA

Ndugu Meneja Mkuu,

Salaam na poleni na majukumu. Naandika kuhusu kile kidani changu cha fedha chenye vijiti vilivyopangwa na jiwe la kijani la krisopresi kilichokuwa tawi lenu la hapa Dodoma mjini. Makubaliano yetu ya mali kauli mnayo, yaani nawaachia mzigo mnauza na kukata kamisheni yenu, fomu ya kupokelea mzigo mnayo, na mnajua wenyewe mliandika nini kuhusu mali ya msanii ikiwa mikononi mwenu, kwa hiyo huko sirudi. Naomba tu mnisome mpaka mwisho bila kukasirika, maana kukasirika nimeshamaliza mimi kwa niaba ya wote.

Siku hiyo mchana duka limejaa, ni kipindi cha Bunge, wageni wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, nao wanatafuta zawadi. Mteja akaulizia kidani, kijana wenu wa kaunta akakitoa kwenye kioo, akakigeuzageuza, akaona ule weusi katikati ya vijiti akapaza sauti duka zima lisikie, "Mama, fedha gani hii nyeusi? Si bati hili?" Nikamwambia taratibu mwanangu, huo weusi nimeuweka mwenyewe, geuza nyuma kuna muhuri wa 925, alama ya fedha halisi. Hakugeuza. Akavuta droo akatoa tupa akakwangua MBELE, yaani si nyuma wala pembeni, mbele kabisa kwenye kijiti kirefu cha katikati, halafu akadondoshea asidi palepale kwenye jeraha. Ikawa nyekundu kama inavyokuwa kwa fedha halali. Mnadhani alisema samahani? Alikitupia kwenye mzani akasema, "Haya ni fedha, gramu 46, sasa laki nane na nusu ya nini?"

Ya nini! Basi niwaambie ya nini, labda nyie huko Dar mtamwambia.

Vijiti vile nimevipanga kama vyuma vya marimba ya Kigogo, ile inayopigwa kwa vidole gumba, marimba zilezile alizozipeleka duniani mwanamuziki marehemu mzee Hukwe Zawose wa hukuhuku kwetu. Kila kijiti kimefuliwa kwa nyundo peke yake, hakuna viwili vinavyolingana na ndivyo nilivyotaka, maana hata kwenye marimba chuma kirefu na kifupi havitoi sauti moja. Fedha ukiipiga nyundo inakuwa ngumu, ukilazimisha inapasuka, kwa hiyo unapiga, unaipasha moto ilainike, unaizimisha, unaisafisha masizi, unapiga tena, na hapo hujamaliza hata kijiti kimoja. Ule weusi alioudharau ni salfa. Fedha ikikutana na salfa inageuka nyeusi, mafundi wengine wanatumia hata kiini cha yai la kuchemsha na inakubali vizuri tu, kisha unasugua juu peke yake ili weusi ubaki kwenye mabonde. Ukiutoa, alama za nyundo zinapotea na kazi inakuwa kama sahani ya aluminiamu. Na jiwe ni la Haneti, hapo Chamwino tu, kijani chake kinatokana na nikeli na moto mkali unakiua, ndo maana jiwe tunaliweka mwisho kabisa baada ya kazi zote za moto kwisha. Hili la moto mlishike, naja nalo.

Kupima fedha sikatai. Duka la vito lazima lipime. Lakini unapima kwa adabu, unasugua kidogo sehemu isiyoonekana kwenye jiwe jeusi la kupimia, asidi unaidondosha kwenye ule mstari uliobaki juu ya jiwe, basi. Huweki asidi usoni kwa kazi ya mtu! Hata mwanafunzi wangu anayeanza analijua hilo na bado hajui kukata waya.

Msimamizi alipotoka ofisini akaniambia "dada usijali, fundi wetu atarekebisha." Nikasema msiguse, nirudishieni nitarekebisha mwenyewe. Wakagusa. Fundi wenu akaweka moto jiwe likiwa ndani, akajaza ule mkwaruzo, akapolishi mpaka weusi wote ukatoka, na nilipokuja kukabidhiwa nakuta kidani cheupe pe na jiwe limepauka, kijani kimekufa. Rangi hiyo siwezi kuirudisha, kwa hiyo msije mkaniambia nikilete tena kifanyiwe marekebisho.

Nilianza barua hii nikiwa na nia ya kudai bei ya kidani na samahani ya maandishi tu. Lakini kila nikiandika nairudia ile tupa. Kijana alikuwa anatabasamu. Alishika kidani kwa mkono mmoja kakibana kwenye ukingo wa kaunta, mkono mwingine tupa, akavuta mara ya kwanza, nikasema "baba acha", akavuta tena, na yule mama aliyekuwa tayari anafungua pochi akarudisha hela yake ndani akamwambia mwenzake twende zetu. Kuna mtu nyuma akacheka. Asidi ikatoa jibu kwamba mimi si tapeli, ila kwa wakati huo mteja wangu yuko mlangoni anatoka na hakuna aliyemfuata kumwambia mama rudi, ni fedha kweli. Hapo ndo mmenikosea kuliko hata jiwe.

Na bado kuna la picha. Siku naleta mzigo, kabla ya haya yote, msimamizi huyohuyo alikipiga picha kwa simu pande zote, nikaambiwa ni za matangazo. Sasa nimeona dirishani kwenu hereni za vijitivijiti vya marimba, za kumimina kwenye kalibu, zote zinalingana, hazina muhuri wangu wala sijaulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za mikono pia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo.

Kwa hiyo madai yangu yamekua. Nataka laki nane na nusu yote bila kukata kamisheni yenu, hereni zile zitolewe dirishani na nipewe maelezo ya maandishi zimetoka wapi, na yule kijana pamoja na msimamizi waniombe radhi palepale kaunta, mchana, wateja wakiwepo, kwa sauti ileile aliyoniitia bati. Ijumaa ijayo ikipita kimya naenda COSOTA na mahakamani, na picha za kidani kabla na baada naziweka mtandaoni na jina la duka lenu. Mafundi wenzangu wanaowaletea kazi hapo wameshaziona.

Mzigo wangu uliobaki nakuja kuuchukua Jumatatu saa tatu asubuhi. Pete, bangili na mikufu yote iwe imefungwa na kuhesabiwa kwa mujibu wa fomu. Kijana yule asiviguse.

Wenu,
Sonara wa Chang'ombe, Dodoma