Somo la historia lisiishie bandarini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni Mtanzania nasoma Pune, India, na nina ombi kwa walimu wa historia huko nyumbani pamoja na wanaotunga vitabu vya shule, kuhusu Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari, ombi ambalo limenikaa moyoni tangu wikiendi moja ya mvua.

Huku mvua ikianza Juni basi ni mpaka Septemba, inaletwa na kusi ileile iliyokuwa inasukuma majahazi toka pwani yetu kuja India. Wanafunzi wengi wikiendi zinaishia hosteli, nguo hazikauki, mtu anaangalia muvi kwenye simu mpaka Jumatatu. Mimi na wenzangu tukaona hapana, tukapanda basi la usiku kwenda Aurangabad, mji ambao tangu 2023 jina lake rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar ila watu kibao bado wanauita kwa jina la zamani. Shida yetu ilikuwa kuona mapango ya Ellora, na kiukweli yanastahili kila sifa, mapango 34 yamechongwa mlimani, na katikati kuna hekalu la Kailasa ambalo halikujengwa kwa kupanga mawe, lilichongwa toka juu kwenda chini kwenye mwamba mmoja huko karne ya 8, yani fundi akikata vibaya hana jiwe lingine la kuziba. Mvua inamwagika, maporomoko yanashuka kutoka juu ya jabali, nje kuna mama kajibanza chini ya turubai anachoma mahindi kwenye mkaa, anayapaka ndimu, chumvi na pilipili sawasawa na ya stendi zetu. Tulikula mengi sana.

Ila kilichonifanya niandike ni Khuldabad, mji mdogo uliopo kilomita chache kabla hujafika Ellora. Dereva wa bajaji alituuliza tunatoka wapi, tukamwambia Afrika, akasema basi lazima niwapeleke kwa Malik Ambar. Kati yetu hakuna aliyewahi kulisikia hilo jina, na wote tumesoma historia mpaka fomu foo, mmoja wetu kapiga HGL (historia, jiografia na lugha) kabisa na alifaulu vizuri.

Akatufikisha kwenye jengo la mawe lenye kuba, limesimama peke yake kwenye nyasi, maji yanachuruzika ukutani na vimmea vimeota kwenye nyufa. Ndani kuna kaburi limefunikwa kitambaa. Hakuna foleni wala mtu wa tiketi, tulikuwa sisi na mzee mmoja aliyekuja kukwepa mvua.

Aliyelala pale alizaliwa Uhabeshi karibu mwaka 1548, akauzwa utumwani akiwa mdogo, akapitishwa Yemen na Baghdad mpaka akafikishwa India, na aliyemnunua huku alikuwa waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar, naye pia Mhabeshi. Bwana wake alipofariki akawa huru, akakusanya askari wake mwenyewe, na kuanzia mwaka 1600 mpaka anafariki 1626 ndiye aliyekuwa anaiendesha Ahmadnagar kwa jina la sultani. Majeshi ya Mughal, dola kubwa kuliko zote India wakati ule, aliyasumbua kwa vita vya kuvizia miaka na miaka. Mfalme Jahangir alimchukia kiasi kwamba ipo picha iliyochorwa ikulu inayomuonesha Jahangir anakilenga kwa mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa mkukini, wakati maishani hakuwahi kukipata hicho kichwa. Na kaburi la Aurangzeb, mjukuu wa Jahangir, lipo hapohapo Khuldabad, mji mmoja na la Malik Ambar.

Mji wenyewe wa Aurangabad aliuanzisha Malik Ambar mwaka 1610, ukiitwa Khadki. Eneo lile ni kavu, mvua ikikatika wanateseka na maji, na yeye alichimba mifereji chini ya ardhi ya kutoa maji vilimani na kuyaleta mjini. Siku ile tukiwa tumelowa chapachapa, barabara imegeuka mto, ndio nilielewa akili ya yule mtu, maana maji yote yale yanapita tu na baada ya miezi michache hayapo.

Sasa ndugu mhariri, sisi shuleni tulifundishwa biashara ya utumwa vizuri tu, misafara, Bagamoyo, soko la Zanzibar, Kilwa. Jahazi likishang'oa nanga somo limeisha. Waliobebwa wanabaki kuwa idadi, hatuambiwi walifika wapi, waliishije, walizaa nani. Hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, tunamkariri kwa sababu alipita Kilwa 1331, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba miaka michache baadaye alikuwa kadhi Delhi na akapita Daulatabad, ngome ambayo ipo njia hiihii ya kwenda Ellora. Malik Ambar si wa pwani yetu, hilo nalijua, lakini watu wa pwani yetu nao waliletwa huku, na wajukuu wao, wanaoitwa Masidi, wapo Gujarat na Karnataka mpaka leo, ni raia wa India.

Hivi sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili mashuleni, mitaala imebadilishwa juzijuzi tu, kwahiyo nafasi ipo. Naomba waingize japo sura moja kuhusu Waafrika walioishia ng'ambo ya bahari yetu, India, Uarabuni na Ghuba, na iandikwe kwa majina ya watu. Mtoto wa Kilwa akisoma kwamba kuna aliyeletwa huku mtumwa akaishia kujenga mji, atashika kitabu tofauti.

Na kwa wanafunzi wenzangu mlioko Pune na Mumbai, nendeni, msisubiri mvua ikatike. Ellora wanafunga Jumanne, vaeni viatu visivyoteleza kwa ajili ya ngazi za Daulatabad, na mkikodi bajaji mwambieni dereva mapema kwamba mnataka na Khuldabad, kwa Malik Ambar, maana usiposema anakupitisha moja kwa moja mapangoni.

Mwanafunzi Mtanzania,
Pune, India