YAH: Malalamiko kuhusu maelekezo ya lebo ya dawa yenu ya kudumaza nyasi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa uwanja wa gofu, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa 14 sasa. Nawaandikia kuhusu dawa yenu yenye kiambato cha trineksapaki-etili, tuliyoinunua kwa ajili ya grini zetu, yaani sehemu za nyasi fupi sana zinazozunguka mashimo, zilizopandwa nyasi aina ya bentigrasi. Dawa yenyewe sina ugomvi nayo, inafanya kazi. Ninachokilalamikia ni mstari mmoja wa lebo, ule unaosema ninyunyizie tena kila baada ya wiki nne, bila neno hata moja kuhusu joto.

Tuliufuata mstari huo. Joto lilipopanda ndipo tulipoona cha moto. Siku ya sita baada ya kunyunyizia, mashine ya kukatia nyasi ilipita grini nzima na kikapu chake kikatoka na konzi mbili tu za majani. Nilifurahi. Siku ya 16, kwenye grini ileile, kikapu kilijaa kabla hatujafika katikati, tukamwaga na kuanza upya. Nyasi zilikuwa nene na laini, na mpira ulipungua mwendo kabla ya kufika shimoni. Siku mbili baadaye visu, ambavyo tumeviweka milimita 3.5, viligusa mashina na kuacha mabaka ya kahawia. Na kwa mujibu wa lebo yenu, nilitakiwa kusubiri siku nyingine 10.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu aliniambia nimechanganya vibaya. Sikuchanganya vibaya. Ninaandika kila mchanganyiko daftarini, lita za maji na mililita za dawa, na pampu tuliipima upya kabla ya msimu kuanza. Kisha akanishauri niongeze dozi maradufu. Nililijaribu hilo kwenye grini ya mazoezi peke yake, na nashukuru sikuthubutu kwingine. Ndani ya wiki moja nyasi ziligeuka rangi ya shaba, na baadaye zikafumuka kama zile za mwanzo.

Sababu inajulikana, na nyinyi wenye dawa mlipaswa kuijua kabla yangu. Dawa hii huizuia nyasi kutengeneza jiberelini, homoni inayorefusha seli zake. Lakini ikishaingia kwenye jani, nyasi huivunjavunja, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyoivunja upesi. Ikiisha, nyasi hairudi tu kwenye ukuaji wake wa kawaida, bali kwa muda hukua kwa kasi kuliko ile isiyonyunyiziwa kabisa. Kwa hiyo anayechelewa kurudia hupata hasara kubwa kuliko jirani yake asiyetumia dawa.

Mwaka 2011, Kreuser na Soldat wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hilihili kwenye grini za bentigrasi. Badala ya kuhesabu wiki, walijumlisha wastani wa joto wa kila siku kwa nyuzi za Selsiasi tangu siku ya kunyunyizia, na wakapendekeza kurudia jumla inapofika 200. Hesabu yake haina ugumu. Wastani ukiwa nyuzi 10, ni siku 20. Ukiwa nyuzi 25, ni siku 8. Kwa wiki nne za joto kama hilo jumla inafika 700. Tangu nianze kutumia hesabu hii, kikapu hakijafurika tena, na dawa ni ileile yenu, kwa dozi ndogo ya mwanzo.

Ndiyo maana nimeumia. Vijana wangu wanne wametumia wiki tano kutandaza mchanga, kumwagilia kwa mkono na kungoja mabaka yazibe, kwa sababu ya maelezo ambayo yangeingia kwenye mistari mitatu ya lebo.

Naomba mambo haya. Rekebisheni lebo ili muda wa kurudia ufuate joto, na mseme wazi kwamba namba ya grini za bentigrasi si lazima ifae nyasi za aina nyingine au zinazokatwa kwa kimo kingine. Watumieni taarifa hiyo wateja wote walionunua dawa hii, maana wapo ambao sasa hivi wanahesabu wiki. Wahudumu wenu waache kushauri dozi maradufu kwa simu. Mwisho, mfute kwa maandishi kauli kwamba nilichanganya vibaya, na mtulipe gharama za kurekebisha grini. Nakala za daftari langu na picha za mabaka nimeziambatanisha.

Nategemea majibu yenu ndani ya siku 14.

Wenu,

Msimamizi wa Uwanja