Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Langu ni moja tu: ada zinalipwa kwa kusuasua, na chai tunainywa kana kwamba zimelipwa.

Lililonikera mwaka huu ni mjadala wa kahawa. Mwenzetu alisimama akasema mkulima wa Masaka, Uganda, alipata nafuu ukiritimba wa bodi ya kahawa ya serikali ulipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwani bodi ilikuwa ikimkamua kuliko mlanguzi yeyote. Kabla hajaketi, sauti kutoka nyuma ikamwita kibaraka wa Benki ya Dunia. Ukumbi ukacheka. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimekalia kiti hiki.

Hoja ile ilikuwa na jibu zuri tu. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapaa dunia nzima. Basi tutajuaje kipi kililetwa na soko huria na kipi kililetwa na baridi? Jibu hilo nililisikia ngazini, watu wakiita bodaboda. Ukumbini halikutamkwa. Mwenzetu hatukumwona tena kwa miezi mitatu.

Wapo wanaonikumbusha kwamba ukali ni jadi ya mrengo wetu wa kushoto, wakitaja mabishano ya wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Ni kweli, msomi Nabudere hakubembelezana na wasomi wenzake Mamdani wala Shivji. Yeye alishikilia kwamba kiini cha mambo ni ubeberu na mtaji wake wa fedha. Wao wakamrudisha kwenye matabaka ya ndani ya nchi. Lugha ilikuwa chungu. Lakini waliandika, kurasa kwa kurasa, na mwaka 1982 Yash Tandon akayatoa mabishano hayo kitabuni. “Kibaraka” yetu haikuacha hata aya moja.

Kwa hiyo tangu Agosti, anayepinga hueleza kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe aseme ndivyo. Vijana wanalalamika kwamba inachosha, na sikatai: tumeahirisha ajenda mbili. Mzee wetu wa Mbale alirudia mara tatu. Ya tatu akasita, akasema, “Kumbe hilo hatupingani,” kisha akayapinga yaliyobaki saa nzima.

Mwenzetu wa kahawa nimempigia simu, nikamwomba radhi. Atarudi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na hoja ileile. Nimemtengea nusu saa. Anayemfuata ni yule wa ngazini.