Mdogo wangu, usimgombeze mama aliyeruka dawa

Mdogo wangu,

Kamwene. Nimepata habari kwamba umepangiwa zahanati ya ndani kabisa huko Makete, mkoani Njombe, na kwamba kliniki ya mama na mtoto pamoja na ya tiba na matunzo kwa wenye VVU mtazishika wewe na mwenzako mmoja. Hongera sana. Haya ningeweza kukuandikia kwenye simu yako tu, lakini nimeyaweka wazi kwa sababu wapo wenzako wengi walioajiriwa huku nyanda za juu kusini, na wapo akina mama wenye haki ya kujua wanastahili kuhudumiwaje.

Unakokwenda unakujua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Wajawazito na watoto wanaotumia dawa utawaona kila kliniki. Kugawa dawa utazoea upesi. Kinachonitia wasiwasi ni usugu, yaani virusi kuzoea dawa hadi zisivizuie, na zaidi ni jinsi sisi watoa huduma tunavyousaidia kukua.

Kuna kituo nilichopitia ambako mama mmoja mjamzito alikiri kwamba ameruka dawa kwa siku kadhaa. Alikuwa kwenye kibarua cha kuvuna viazi, wanalala watu wengi chumba kimoja, na chupa ya vidonge inalia ukiitikisa. Akaogopa kuitoa. Muuguzi akamfokea mbele ya foleni nzima: "Unataka kumuua mtoto?" Kuanzia siku ile yule mama hakuruka tena dawa, kwa maneno. Kila akiulizwa anajibu "nakunywa vizuri, dada," na vidonge vikihesabiwa vinatimia, kwa kuwa vilivyobaki alikuwa anavitupa chooni kabla ya kuja. Kipimo cha wingi wa virusi kiliporudi kikiwa juu, kila mtu akasema dawa zimeshindwa. Aliyekuja kuambiwa ukweli ni mama kinara, yaani mama anayeishi na VVU anayewasaidia wenzake, naye aliambiwa njiani wakirudi nyumbani.

Nataka ulielewe hilo vizuri. Virusi vinapozaliana hukosea kujinakili, na baadhi ya makosa hayo huvipa uwezo wa kuishi penye dawa. Dawa ikiwa ya kutosha kwenye damu, virusi havizaliani, basi hata makosa hayapatikani. Ikiwa haba, vile dhaifu vinakufa na vilivyo sugu vinabaki na uwanja wote. Sasa mama akishafundishwa kukuficha, hali hiyo inaendelea miezi na miezi wewe ukiandika kwenye kadi kwamba ufuasi, yaani kumeza dawa kama inavyotakiwa, ni mzuri.

Tena usidhani kila usugu umetokana na uzembe wa mtu. Zamani mjamzito alipewa kidonge kimoja cha nevirapini, dawa ya VVU, uchungu unapoanza ili asimwambukize mtoto, na mtoto akapewa dawa ya maji mara moja baada ya kuzaliwa. Majaribio ya Uganda yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa utaratibu huo ulipunguza maambukizi kwa karibu nusu ukilinganishwa na zidovudini, dawa nyingine ya VVU, ya muda mfupi. Kwa hospitali zetu za wakati ule ilikuwa neema, na wapo vijana wazima leo kwa sababu hiyo. Lakini nevirapini huchelewa kutoka mwilini. Ilibaki kwenye damu siku nyingi, peke yake, ikipungua taratibu, na kirusi kinahitaji badiliko moja tu ili kiishinde. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba katika nchi 10 zilizopimwa kusini mwa Sahara, karibu nusu ya watoto wachanga waliogundulika na VVU walikuwa tayari na virusi sugu kwa nevirapini au ndugu yake efavirenzi kabla ya kuanza matibabu. Watoto hao hawajaruka dozi hata moja maishani mwao.

Leo tuna dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo virusi hupata taabu kuizoea. Taabu tu. Ripoti ya Shirika hilo ya mwaka 2024 ilitaja usugu wa asilimia 3.9 hadi 8.6 katika tafiti zake, na ukafika 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi mwilini.

Ya watoto ni kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji, na kina ladha ya stroberi. Aliyewahi kumnywesha mtoto ile lopinaviri ya maji, dawa ya VVU ya awali, chungu kama nini, anajua tumetoka wapi. Ila hapa naomba uwe mkali, na ukali huo uuelekeze kwenye mizani. Mtoto wa kilo 5 na nusu anakunywa nusu kidonge. Akifika kilo 6 anakunywa kimoja na nusu. Ukinakili uzito wa kliniki iliyopita kwa kuwa foleni ni ndefu, umempa theluthi ya dawa anayohitaji, na bibi yake atamnywesha kwa uaminifu kila siku. Usugu huo umeutengeneza wewe.

Nimesema bibi kwa sababu ndiye utakayemwona mara nyingi, wazazi wako Mafinga kwenye mbao au Mufindi kwenye chai. Usimweleze kwa maneno tu. Chukua kikombe, weka maji safi kidogo, tumbukiza kidonge, koroga mpaka kiyeyuke, mtoto anywe yote, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo anywe na hayo. Halafu mwambie naye afanye ukiwa unamtazama.

Kwa wajawazito, ulizia vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma hupunguza dolutegraviri inayoingia mwilini zikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu. Ama ameze zote mbili pamoja na chakula, ama dolutegraviri itangulie kwa saa 2, au isubiri saa 6 baada ya vidonge vya damu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zina shida kama hiyo, na kwa hizo chakula hakisaidii, ni kutenganisha saa tu. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu anahitaji dolutegraviri mara 2 kwa siku. Mambo haya ya saa mama hawezi kuyabuni mwenyewe, na asipoambiwa atalaumiwa bure.

Mwite faragha. Usimuulize "unakunywa vizuri?" kwani jibu lake unalo tayari. Muulize, "Wiki hii ni siku gani ilikuwa ngumu kumeza?" Akikutajia, mshukuru, kisha mtafute pamoja pa kuihifadhi dawa.

Wingi wa virusi ukirudi zaidi ya nakala 1,000 katika mililita moja ya damu kwa mjamzito au anayenyonyesha, usingoje tarehe yake. Mtafute, zungumza naye, na siku hiyo hiyo mpigie daktari wa wilaya. Na ukikwama kwenye dozi ya mtoto, nipigie mimi kabla hujamkabidhi bibi dawa, hata kama ni kwa kubipu.

Dada yako