Barua ya wazi kwa Gavana wa Haut-Katanga: tupe majina ya waliouawa 1941

Mheshimiwa Gavana,

Leo sikuombi barabara wala umeme. Hayo unaambiwa kila siku. Naomba orodha ya majina.

Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampani ya madini ya Wabelgiji, waligoma hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, na kule Likasi. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu, mshahara ukabaki palepale. Julai mwaka huohuo askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, walikuwa wamewashinda Waitaliano huko Saio, Ethiopia. Kijana abebe bunduki, kaka yake achimbe shaba ya vita hivyohivyo, na akidai nyongeza aambiwe mwasi!

Tarehe 9 wagomaji walikuwa kwenye uwanja wa mpira. Gavana wa wakati huo, Amour Maron, akawaamuru warudi kazini. Inasimuliwa kwamba msemaji wao, Léonard Mpoyi, alitaka karatasi tu: kampani iandike kwamba imekubali kuongeza mshahara. Mpoyi aliuawa, na umati ukamiminiwa risasi. Hesabu za waliokufa hazikubaliani hadi leo. Nyingine hufika watu 70.

Mwaka uliofuata mzigo ukazidi. Siku za kazi ya lazima vijijini zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Shaba, bati, makaa ya mawe ya Luena, urani ya mgodi wa Shinkolobwe iliyoingia kwenye mabomu ya atomiki ya 1945: yote hayo yana wenyewe waliotoa jasho. Shinkolobwe inatajwa dunia nzima, ila mchimbaji wake hana jina.

Usikubali kuambiwa kwamba majina hayapatikani. Kampani iliyogawa poso, yaani chakula cha mgao, kwa kuhesabu mke na watoto wa kila mfanyakazi haikukosa kujua nani hakurudi nyumbani jioni ile. Daftari ziliandikwa, na mali ya Union Minière hapa kwetu ilirithiwa na Gécamines, kampani ya madini ya serikali.

Basi waandikie Gécamines, Mheshimiwa, na uwaombe Wabelgiji wafungue faili walizonazo Brussels. Kitakachopatikana, hata kama ni nusu ya orodha, kibandikwe kwenye ofisi za komini za Kenya, Katuba na Kamalondo, ambako wajukuu wa waliouawa wanaweza kwenda kusoma. Wakitaka kujua pia walizikwa wapi, awepo mtu ofisini wa kuwajibu.

Mkazi wa Lubumbashi